Nyanya zinanyauka na udongo umelowa

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Kigamboni, nina kabustani nyuma ya nyumba, matuta matatu tu. Huu ni mwaka wa tatu napanda nyanya mwanzoni mwa Machi ili nitumie mvua, maana maji ya kununua ni ghali. Miche inashika vizuri, inanenepa, inaanza kutoa maua. Halafu mchana mmoja nakuta mche umelegea na majani bado ya kijani. Usiku unanyanyuka kidogo, kesho unalala tena, siku ya tatu au ya nne umekufa. Wiki hii peke yake imekufa sita. Udongo umelowa kabisa. Mwaka jana nilibadilisha nikapanda biringanya na nyanya chungu kwenye matuta hayohayo, zikafa vilevile. Jirani ananiambia niongeze majivu na urea. Muuza pembejeo amenipa busta. Mwingine anasema nisage vidonge vya tetrasaiklini nimwagie kwenye shina. Je, ardhi yangu imechoka? Au niachane na nyanya kabisa?"*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu umetaja mambo ambayo wengi huyaruka. Umesema majani yalikuwa bado ya kijani, mche ulinyanyuka usiku, udongo ulikuwa na maji, na biringanya na nyanya chungu zilikufa kwa namna ileile. Mtu akinipa hayo manne, nusu ya kazi ya kutambua ugonjwa ameshaifanya yeye.

Ardhi yako haijachoka, na usiachane na nyanya. Ninachokuomba ni uache kuzipanda Machi, na uache kuzipanda kwenye hayo matuta kwa miaka kadhaa.

Ninachokishuku kwa nguvu ni mnyauko bakteria. Kijidudu chake kinaitwa Ralstonia solanacearum, na si kigeni duniani: mtaalamu wa Marekani Erwin F. Smith alikieleza tangu mwaka 1896. Kinaishi ndani ya udongo. Kinaingia kwenye mzizi kupitia vidonda vidogo: pale jembe lilipokwangua, pale minyoo fundo ilipotoboa, au pale mzizi mchanga unapochomoza pembeni ya mzizi mkubwa. Kikishaingia hakikai pembeni. Kinatafuta mirija inayopandisha maji kutoka mizizini kwenda majani, kinazaliana humo kwa wingi wa ajabu na kutoa ute mzito unaoziba mirija. Mche unakufa kwa kiu huku miguu yake ikiwa majini.

Hapo ndipo dalili zako zinapopata maana. Mchana jua linavuta maji kutoka kwenye majani kwa kasi, na mirija michache iliyobaki wazi haiwezi kukidhi, kwa hiyo mche unalegea. Usiku majani hayapotezi maji mengi, na ile mirija michache inatosha kuunyanyua. Ndiyo maana ulidhani umepona. Majani yanabaki ya kijani kwa sababu kifo ni cha haraka, hayapati hata nafasi ya kugeuka njano.

Lakini usinichukulie neno langu tu, na hata mimi siamini macho peke yake. Kuna kipimo cha jikoni ambacho hakigharimu chochote. Chagua mche ulioanza kulegea jana au leo, usichukue uliokwisha kukauka. Kata shina karibu na ardhi kwa kisu safi, upate kipande cha urefu wa kidole. Jaza maji safi kwenye glasi angavu, kisha ning'iniza kile kipande ili ncha iliyokatwa chini iguse maji tu, isizame sana. Usitikise. Kaa uangalie dakika tano, hata kumi. Kama ni mnyauko bakteria, utaona nyuzi nyeupe nyembamba zikishuka kutoka kwenye shina, kama tui linapodondoka kwenye maji. Huo ndio ule ute, na ndani yake mna bakteria kwa mamilioni. Maji hayo usiyamwage bustanini. Yachemshe au yamwage chooni.

Kama nyuzi hazitoki, basi tuna mgonjwa mwingine. Mnyauko wa fuzari, ambao ni kuvu, huanza na majani ya chini kugeuka njano, mara nyingi upande mmoja wa mche, na unakwenda polepole kwa wiki kadhaa. Ukipasua shina unaona rangi ya kahawia ndani, ila hakuna ute. Minyoo fundo utaijua kwa kung'oa: mizizi imejaa vinundu kama shanga. Maji yakituama mizizi inakuwa myeusi na kunuka, kwa kukosa hewa. Na ukikuta shina limetafunwa usawa wa ardhi, huyo ni sota au mchwa. Nimeyataja kwa haraka kwa sababu maelezo yako hayaelekei huko, lakini mtu mwingine anayesoma hapa anaweza kujikuta humo.

Kuhusu biringanya na nyanya chungu, hapo ulijaribu jambo la busara kwa jina lisilo sahihi. Kubadilisha zao ni kuzuri, ila ulibadilisha jina la mboga, hukubadilisha ukoo. Nyanya, nyanya chungu, biringanya, pilipili, viazi mviringo na mnavu wote ni ndugu, na bakteria huyu anawapenda wote. Ndugu yao mwingine ni ndulele, ule mti wa miiba unaoota wenyewe kando ya ua. Kama unao karibu na matuta, ung'oe. Ugonjwa unaweza kujihifadhi humo mwaka mzima ukikungoja upande tena.

Sasa ushauri uliopewa. Sitaki kuwadharau majirani, kila mmoja ana kipande cha ukweli.

Majivu yana potasiamu na kalisi na yanapunguza uchachu wa udongo. Konzi moja kwenye tuta la mchicha ni jambo zuri. Lakini hayaui bakteria waliomo ndani ya mirija ya mche. Tena pwani kwetu, hasa pale penye mawe ya matumbawe chini, udongo mara nyingi hauna uchachu wa kupunguza. Ukiyarundika unaufunga udongo usitoe madini ya chuma, na mimea inageuka njano juu ya matatizo mengine. Urea ni naitrojeni kwa asilimia 46. Inaotesha majani laini, yenye maji mengi, kwenye mche ambao tayari hauwezi kuyanywesha. Busta za kunyunyiza juu ya majani ni chakula. Mgonjwa aliyezibwa koo hasaidiwi kwa kuongezewa sahani.

Vidonge vya tetrasaiklini naomba usivitumie kabisa, na huyo aliyekushauri umweleze kwa upole. Dawa ukiimwaga kwenye udongo haifiki kwa kiwango cha kutosha kule ndani ya shina. Inachofanya ni kukutana na bakteria wengine wengi waliomo udongoni na kuwazoesha. Vimelea vikizoea, siku mwanao anaumwa kweli, dawa ile haimsaidii. Na nyanya hizo mnazila nyumbani. Ukweli mchungu ni kwamba hakuna dawa ya dukani inayoponya mche ulioingiwa na mnyauko bakteria. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakuuzia maji ya rangi, hata kama yeye mwenyewe anaamini.

Kwa nini Machi, basi? Bakteria huyu anataka vitu viwili kwa pamoja, joto na unyevu. Mwanzoni mwa masika ukanda wetu unavipata vyote. Kaskazi imeacha udongo ukiwa wa moto, kisha mvua inashuka juu ya joto hilo. Aprili ndiyo mwezi wenye mvua nyingi zaidi Dar es Salaam. Maji yanatiririka kutoka tuta hadi tuta yakibeba vijidudu, mizizi inakosa hewa na kudhoofika, nawe unapalilia na kuikata bila kujua. Mvua unayoiona ni ya bure inakutoza miche sita kwa wiki.

Najua wengine watasema, basi nipande Desemba. Hapana, huko kuna shida nyingine. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua yake haivumilii joto, hasa joto la usiku. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 22 au 24 kwa siku nyingi, chavua inaharibika, ua linakauka kwenye kikonyo chake na kudondoka. Januari na Februari hapa kwetu usiku haushuki chini ya hapo ila kwa nadra. Unaweza kuwa na mti mrefu, wa kijani, unaopendeza kweli, usio na nyanya hata moja. Nimeulizwa habari za miti ya namna hiyo mara nyingi kuliko za mnyauko.

Nyanya ya pwani ni ya kipupwe. Kuanzia Juni kusi inavuma, Julai na Agosti usiku unashuka hadi nyuzi 18 au 19, mvua imekatika, udongo umepoa. Hapo maua yanashika, na bakteria huwa mvivu. Kwa hiyo sia mbegu wiki ya kwanza au ya pili ya Mei, chini ya kibanda kidogo chenye paa la nailoni angavu ili mvua za mwisho zisipige miche. Baada ya wiki nne hivi miche itakuwa na majani manne hadi sita ya kweli, ihamishe Juni. Ukianza kuchuma mwishoni mwa Agosti utaendelea hadi Oktoba. Kwa kuwa sasa tumo Aprili, hujachelewa hata siku moja.

Tatizo ni kwamba udongo wa matuta yako tayari umeshika ugonjwa, na baridi ya kipupwe inaupunguza makali tu, haiuondoi. Bakteria huyu anaweza kukaa humo miaka. Kwa hiyo nyanya za mwaka huu zipande nje ya ardhi kabisa: kwenye ndoo za lita 20 zilizopasuka, madebe, au viroba vya unga. Toboa matundu chini, panga juu ya matofali au mawe ili maji ya matuta yasizifikie. Mche mmoja kwa ndoo.

Udongo wa kujaza usiuchote hapo nyuma ya nyumba. Tafuta mahali ambapo hapajalimwa mboga za ukoo huo, hata chini ya mwembe. Changanya ndoo mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu, na moja ya pumba za mpunga zilizochomwa au mchanga mnene. Ule wa kitalu, kwa kuwa ni mdogo, upike. Nasema kweli: lowesha udongo, weka kwenye debe lenye kifuniko, koleza moto mdogo mpaka mvuke utoke katikati, uache nusu saa, upoe. Wakati wa kiangazi kuna njia ya bei nafuu zaidi kwa udongo mwingi. Utandaze kimo cha shubiri moja, ulowe, ufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa pembeni na uache kwenye jua kali la Januari na Februari wiki nne hadi sita. Jua linafanya kazi kubwa kwenye tabaka jembamba kama hilo. Kwenye tuta zima halifiki chini vya kutosha, kwa hiyo usilitegemee kusafisha matuta yako yote matatu.

Miche ya kununua nina neno nayo. Mwaka mmoja niliona uvivu wa kusia, nikanunua miche 20 mizuri kando ya barabara, imenenepa, shina kama penseli. Nikaipanda kwenye tuta langu bora, ambalo nilikuwa nimelilisha mboji kwa miaka. Kumi na minne ilikufa kabla ya kuchumwa, na tuta lile nililipoteza kwa nyanya mpaka leo. Aliyeniuzia hakujua, wala mimi sikujua. Ugonjwa ulikuja umelala ndani ya udongo wa kwenye vimfuko. Tangu hapo nasia mwenyewe, hata kama ni miche mitano.

Kuhusu mbegu, soma pakiti kwa makini. Watu wanaona "VF" kwenye Roma VF wanadhani inazuia mnyauko wote. Herufi hizo zinahusu kuvu wawili, vetisilia na fuzari. Hazihusu bakteria. Tengeru 97, iliyotoka Arusha, inasifika kwa kuvumilia minyoo fundo, na hilo linasaidia kwa sababu minyoo ndiyo inayotoboa milango, ila si kinga kamili. Kinga ya karibu zaidi ni miche iliyobebeshwa: sehemu ya juu ya nyanya unayoipenda inaunganishwa juu ya shina la biringanya au nyanya sugu. Kituo cha Mboga Duniani, chenye tawi lake Arusha, kimeeneza biringanya aina ya EG203 na nyanya Hawaii 7996 kwa kazi hiyo. Ukiipata kwa mtu anayeaminika, inunue. Kumbuka kiungo kibaki juu ya udongo, maana nyanya ya juu ikitoa mizizi yake ikagusa ardhi, umerudi ulikotoka. Kujifunza kubebesha mwenyewe kwa ajili ya ndoo kumi sioni kama kunakulipa.

Umesema maji ni ghali, na hilo lisipuuzwe. Mche wa ndoo ukiwa na matunda unataka lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Miche kumi ni dumu moja la lita 20 kila siku kwa miezi miwili au zaidi. Piga hesabu yako na bei ya maji ya kwenu. Huenda miche sita ndiyo inayokufaa. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kabisa. Ya sabuni ya unga hapana. Funika uso wa udongo kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au majani makavu, maana kusi inakausha ndoo haraka kuliko unavyodhani. Na umwagilie kwa mpangilio, asubuhi kila siku. Ukiacha ndoo ikauke kabisa halafu uifurikishe, utaona matunda yana kitako cheusi kilichobonyea. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni kalisi kukosa maji ya kuibeba hadi mwisho wa tunda. Watu wananyunyizia sumu kwa kitu ambacho kingepona kwa kikombe cha maji kila asubuhi.

Simika vijiti mapema, kabla ya upepo kuanza kuivunja miche. Na kipupwe kikielekea ukingoni, kagua majani kila unapomwagilia. Kantangaze, yule kiwavi aliyeonekana Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2014, hupenda ukavu. Anachora njia nyeupe ndani ya jani. Kwa ndoo sita unamtoa kwa vidole: jani lenye michoro likate na ulichome.

Matuta yako matatu nayo yasikae bure, mvua hii isipotee. Kwanza ing'oe miche yote iliyolegea pamoja na udongo wa kuzunguka mizizi, tia kwenye mfuko, funga, ukaichome ikikauka. Usiitie kwenye mboji wala usiitupe mahali ambapo mvua itaisomba irudi. Jembe na kisu visugue, kisha vichovye kwenye maji yenye jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa za maji, uvisuuze. Ndala za bustanini zisitembee kwenye ndoo mpya. Halafu panda mchicha, majani ya kunde, maboga, mahindi kidogo. Mchicha utauchuma ndani ya wiki tatu au nne. Kwa miaka mitatu angalau, ndugu yeyote wa nyanya asiguse hapo. Mimi masika nzima sipandi nyanya hata moja. Nanunua za Lushoto sokoni bila kinyongo, na kutoka bustanini nakula mchicha wa nazi na majani ya maboga mpaka watoto wanalalamika.

Kuna hali ambazo barua haitoshi. Kama kipimo cha glasi hakitoi nyuzi na miche inaendelea kufa, kama migomba nayo imeanza kunyauka, au kama unafikiria kupanua bustani ili uuze, mtafute bibi shamba au bwana shamba wa kata yako aje aone kwa macho. Atakuelekeza sampuli ipelekwe wapi, iwe TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, au SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro. Mpe mche mzima na mizizi yake, ulionyauka lakini haujakauka, umefungwa kwenye gazeti kisha kwenye mfuko, siku hiyohiyo ulipong'olewa. Na umweleze kila kitu ulichokwisha kumwagia, ile busta ikiwemo.

Fanya kipimo kwanza, kabla ya kung'oa. Kama kesho kuna mche mwingine umelegea, huo ndio wa kukata. Niandikie maji ya glasi yalikuwaje, na kama ndulele ipo uani.